Alama ya kwanza ya kinga: kwa nini homa ya mafua huchagua umri

Mtaani neno mafua hubeba mambo mawili. Kuna mafua ya kupenga kamasi siku tatu ukapona, na kuna homa ya mafua, inayoletwa na virusi vya influenza, inayomlaza mtu kitandani viungo vyote vikimuuma. Nazungumzia hii ya pili. Mbona msimu mmoja huwaandama wazee, na mwingine vijana?

Tumezoea kujibu kwamba mtoto mchanga kinga yake bado changa na ya mzee imechoka. Ni kweli, lakini haitoshi. Mwaka uliozaliwa nao una uzito wake.

Kirusi hiki kimezungukwa na miiba. Mmojawapo huitwa hemaglutinini, ndiyo ile H katika majina ya aina za kirusi hiki, kama H1N1 au H3N2. Mwiba huo una kichwa, kinachobadilika upesi, na shina, linalobadilika polepole. Kirusi cha kwanza kukupata utotoni huacha alama: kinga hujifunza sura yake, na ikikutana na kirusi kingine miaka mingi baadaye, bado hukimbilia silaha ile ya kwanza. Mwaka 1960 Mmarekani Thomas Francis aliazima neno la kanisani akaiita hali hii dhambi ya asili. Mimi naona alama ni neno la haki zaidi, maana mara nyingi huokoa.

Tazama mwaka 2009, ilipozuka H1N1 mpya iliyotoka kwa nguruwe. Chukua bibi aliyezaliwa 1945 na mjukuu wa 1987, wanakula sahani moja. Utotoni mwa bibi ilikuwa ikizunguka H1N1 ya ukoo wa ile iliyoleta janga la 1918. Mwaka 1957 H2N2 ikaifukuza, 1968 ikaja H3N2, na H1N1 ikarudi 1977 ikiwashambulia zaidi vijana ambao hawakuwahi kukutana nayo. Hivyo mwaka 2009 kinga ya bibi ilikuwa na kumbukumbu ya kirusi kinachofanana na kile kipya, na mjukuu ndiye aliyekuwa rahisi kuugua. Lakini mzee aliyeambukizwa hata hivyo alikuwa katika hatari kubwa ya kufa, kwa hiyo asidhani kumbukumbu hiyo ni ngao kamili.

H3N2 ni kinyume chake. Misimu inapotawala, wodi hujaa wazee: miili imechoka, na waliozaliwa kabla ya 1968 hawakuijua utotoni. Influenza B, aina nyingine ya virusi hivi, nayo huwapata zaidi watoto na vijana.

Kinachonishangaza mpaka leo ni homa ya ndege. H5N1 imewaumiza zaidi watoto na vijana, ilhali H7N9, iliyoanza kuwapata watu nchini China mwaka 2013, iliwaangusha zaidi wazee. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba mpaka kati ya makundi hayo uko karibu na mwaka 1968. H1, H2 na H5 ni ukoo mmoja kwa upande wa shina. H3 na H7 ni ukoo mwingine. Aliyeanza na H1 au H2 ana kinga kiasi dhidi ya H5, na aliyeanza na H3 ana kinga kiasi dhidi ya H7, hata kama hajawahi kumshika kuku mgonjwa.