Mkanganyiko wa sababu ya tiba: dawa za sonona wakati wa ujauzito na usonji wa mtoto

Mwezi Desemba 2015, watafiti wa Montreal nchini Kanada walichapisha matokeo yaliyoenea haraka katika vyombo vya habari duniani: wanawake waliotumia dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression) kuanzia mwezi wa nne wa ujauzito walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 87 ule wa wasiozitumia wa kupata mtoto mwenye usonji (autism). Ndivyo hesabu zao zilivyotoka, na hakuna aliyezipika. Lakini mjamzito aliyeisoma habari hiyo kwenye simu, huku vidonge vyake vya fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo, vikiwa kando ya kitanda, alielewa jambo jingine, kwamba anachokimeza kila siku kinamdhuru mtoto aliye tumboni. Kati ya hesabu ile na tafsiri hii pana umbali mkubwa, na dhana inayoueleza umbali huo ni mkanganyiko wa sababu ya tiba.

Mkanganyiko huo hutokea pale ugonjwa uliomfanya mtu aandikiwe dawa unapokuwa na uhusiano wake wenyewe na tokeo linalochunguzwa, hata dawa ikabebeshwa lawama isiyo yake. Ukiwahesabu watu waliomeza dawa mseto ya malaria juma lililopita, utakuta kwamba wengi zaidi kati yao walikuwa na homa kuliko wale ambao hawakuimeza, na hata hivyo hatuwezi kusema kwamba dawa mseto ndiyo iliyoleta homa. Kwa malaria kosa hilo linaonekana waziwazi. Kwa sonona na usonji limejificha, kwa sababu kati ya kidonge cha mama na uchunguzi wa mtoto hupita miaka kadhaa, na kwa sababu uhusiano wa sonona yenyewe na usonji haufahamiki kwa watu wengi.

Uhusiano huo upo, na una njia zaidi ya moja. Njia iliyo wazi kuliko zote ni urithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia zaidi ya watoto milioni 2 katika nchi tano, ulikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti baina ya watu katika kuwa na usonji au kutokuwa nao inatokana na vinasaba. Baadhi ya vinasaba hivyo vinahusika pia na sonona, kwa hiyo mama anaweza kuwa amerithi mwelekeo wa sonona ambao kwa mtoto wake unajitokeza kwa sura ya usonji, iwe alimeza kidonge au hakumeza. Isitoshe, mwanamke mwenye sonona kali hulala vibaya, hula vibaya, na pengine huvuta sigara au hukosa nguvu ya kwenda kliniki, na mambo hayo yote yanaugusa ujauzito. Aliye katika matibabu, kwa upande wake, huonana na madaktari mara nyingi, na mtoto wa mzazi aliyezoea kuonana na madaktari huwahi kuchunguzwa, akaandikwa kwenye takwimu, ilhali mwenzake mwenye dalili zilezile hajapelekwa popote.

Njia bora ya kuutenganisha ugonjwa na dawa ingekuwa kuwagawa wajawazito wenye sonona kali kwa kura, hawa wapewe dawa na wale wanyimwe kwa miezi tisa. Maadili hayaruhusu jambo hilo, na ni sawa yasiruhusu. Ndiyo maana karibu kila tunachokijua kinatoka kwenye kumbukumbu za vyeti vya dawa na za hospitali, ambazo husema dawa ilichukuliwa dukani lakini hazisemi kama ilimezwa, na husema mama ana sonona lakini mara chache husema ilikuwa imemlemea kiasi gani.

Hapo ndipo utafiti wa Montreal ulipokwama, licha ya uangalifu wa waliouandaa. Ulitumia kumbukumbu za watoto 145,456 waliozaliwa jimboni Quebec kati ya mwaka 1998 na 2009. Watoto 2,532 kati yao walikuwa tumboni wakati mama zao walipotumia dawa kuanzia mwezi wa nne, na 31 walikuja kutambuliwa kuwa na usonji, yaani asilimia 1.2, wakati kwa watoto wote wa utafiti kiwango kilikuwa asilimia 0.7. Asilimia 87 iliyotangazwa magazetini ni ongezeko la hatari likilinganishwa na kiwango kidogo. Haimaanishi kwamba watoto 87 kati ya 100 walipata usonji, na nasikitika kwamba wasomaji wengi waliachwa waelewe hivyo. Watafiti walijaribu kuuondoa mkanganyiko kwa kuwalinganisha wanawake waliokuwa na historia ya sonona peke yao, na bado ongezeko lilibaki. Lakini wanawake wawili wenye neno sonona kwenye faili zao si lazima wawe na hali moja: mmoja huweza kuacha dawa anapopata mimba kwa sababu amepata nafuu, na mwingine akaendelea kwa sababu bila dawa hawezi kuinuka kitandani. Anayeendelea na dawa hadi mwezi wa saba mara nyingi ndiye mgonjwa zaidi, na tofauti hiyo haionekani kwenye kumbukumbu.

Tafiti zilizoongeza mwanga zilibuni ulinganisho mwingine. Huko Denmaki, matokeo yaliyochapishwa Desemba 2013, kutokana na vizazi 626,875, yaliwatazama pia wanawake waliotumia dawa hizo kabla ya kushika mimba kisha wakaacha. Kama dawa ndiyo chanzo, watoto wa wanawake hawa wasingepaswa kuwa na ongezeko lolote, kwa kuwa haikuwagusa wakiwa tumboni. Kumbe wao ndio walioonyesha ongezeko la wazi, mara 1.46 ya kiwango cha kawaida, ilhali kwa waliotumia wakati wa ujauzito lilikuwa mara 1.20, tofauti ndogo kiasi kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu. Sijaona kielelezo cha mkanganyiko huu kilicho wazi kuliko hicho.

Ulinganisho mwingine ni wa ndugu wa tumbo moja. Mama mmoja hutumia dawa katika ujauzito mmoja na hatumii katika mwingine. Watoto wake wanashiriki mama, sehemu kubwa ya vinasaba, na kwa kawaida nyumba moja. Aprili 2017, watafiti waliotumia kumbukumbu za Uswidi za watoto zaidi ya milioni 1.5 waliozaliwa kati ya mwaka 1996 na 2012 walionyesha kwamba, kabla ya kurekebisha chochote, usonji ulikuwa takriban mara mbili kwa watoto ambao mama zao walitumia dawa katika miezi mitatu ya kwanza. Ndugu walipolinganishwa wao kwa wao, ongezeko lilitoweka, na makadirio yakashuka hadi mara 0.83, yaani chini ya 1 ambayo humaanisha hakuna tofauti. Siku hiyohiyo ulichapishwa utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, wa vizazi 35,906, ambao nao haukupata uhusiano wa uhakika baada ya marekebisho. Ulinganisho wa ndugu una udhaifu wake, kwani familia ambazo ndugu walitofautiana katika jambo hili ni chache na makadirio hayawi ya uhakika sana. Hata hivyo, mwelekeo ulijirudia mwaka 2022 katika utafiti mkubwa wa Marekani: ongezeko la hatari lililoonekana kubwa mwanzoni lilipungua hadi kukaribia sifuri kila ulinganisho ulipokuwa wa haki zaidi.

Si tafiti zote zilizofika hapo. Ule wa Stockholm wa mwaka 2017 uliwalinganisha wanawake wenye maradhi ya akili waliotumia dawa na wenzao wenye maradhi hayo wasiozitumia, ukakuta usonji kwa asilimia 4.1 dhidi ya 2.9. Waandishi wake hawakuficha tofauti hiyo, ila walifanya hesabu ambayo ingefaa kutangazwa kwa sauti ileile ya asilimia 87: hata kama dawa ingekuwa ndiyo chanzo, kumzuia kila mjamzito asizitumie kungepunguza visa vya usonji kwa takriban asilimia 2 tu.

Msomaji anaweza kushuku kwamba dhana hii ni kichaka cha kuisafishia kila dawa. Sivyo, na valproeti, dawa ya kifafa, inathibitisha. Huko huko Denmaki, mwaka 2013, ilionekana kwamba watoto ambao mama zao waliitumia wakati wa ujauzito walikuwa na usonji kwa asilimia 4.42, dhidi ya 1.53 kwa watoto wote. Watafiti walipobaki na watoto wa mama wenye kifafa peke yao, tofauti ilipungua lakini haikutoweka: asilimia 4.15 dhidi ya 2.44. Kipimo kilekile kilichoziondolea dawa za sonona sehemu kubwa ya lawama kilishindwa kuiondolea valproeti, na leo miongozo ya tiba inataka wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba wasianzishiwe dawa hiyo ikiwa ipo nyingine inayofaa.

Dawa za sonona nazo zina athari zinazopaswa kusemwa. Katika utafiti uleule wa Uswidi, hatari ya kuzaa mtoto njiti ilibaki juu kidogo hata ndugu walipolinganishwa. Baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa na mtetemeko, kulialia na shida ya kunyonya, hali ambayo kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Dawa aina ya paroksetini huepukwa mara nyingi katika miezi ya mwanzo kwa sababu ya shaka juu ya moyo wa mtoto.

Upande wa pili wa mizani ni sonona yenyewe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwafuatilia wajawazito 201 wenye historia ya sonona kali: kati ya walioacha dawa, asilimia 68 walirudiwa na ugonjwa kabla ya kujifungua, na kati ya walioendelea nazo ni asilimia 26. Nchini Uingereza, ripoti za vifo vya wazazi zimekuwa zikionyesha kwamba kujiua kunaongoza miongoni mwa visababishi vya moja kwa moja vya vifo kati ya wiki ya 6 na mwaka mmoja baada ya ujauzito kuisha. Kwa hiyo anayetumia fluoksetini, sertralini au amitriptilini na kugundua kwamba ni mjamzito asiitupe dawa usiku huohuo. Amweleze daktari au mkunga ni dawa gani anayotumia, kipimo chake, na ilikuwaje mara ya mwisho alipojaribu kuiacha, kwa kuwa jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloonyesha uzito wa ugonjwa ambao kumbukumbu za tafiti hizi zote zilishindwa kuupima.