Je, Wajua? Jani Linalotembea Barazani Husikia kwa Miguu

"Mjomba, njoo uone! Jani linatembea!"

Ilikuwa baada ya isha, barazani kwetu Wete, mvua imekatika punde. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameuinamia ukuta chini ya taa. Nikamwona mdudu wa kijani kibichi, mabawa yake yana mishipa kama jani la mpera, hata ule mstari wa katikati umo. Kila akipiga hatua aliyumba mbele na nyuma, kama jani lililoguswa na upepo. Nilimwambia mtoto kuwa huyu si panzi tuliyemzoea. Ni wa jamaa ya senene, wale ambao wenzetu wa Bukoba huwakaanga wakawala.

Tazama papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani. Za panzi ni fupi na nene. Za huyu ni nyembamba kama unywele, na hupita urefu wa mwili mzima. Nyenje naye ana papasi ndefu, lakini mabawa yake yamelala bapa mgongoni. Ya huyu yamesimama ubavuni kama paa la nyumba.

Sasa mtazame miguu ya mbele. Kwenye muundi, chini kidogo ya goti, utaona vijitundu au vijipasuo viwili vidogo mno. Hayo ndiyo masikio yake! Sauti humfikia kwa njia mbili: kwa nje, kupitia hapo mguuni, na kwa ndani, kupitia tundu la ubavuni mwa kifua lenye mrija unaoshuka hadi gotini. Kwa kuwa miguu imeachana, hujua sauti inatokea upande gani. Mimi hili hunistaajabisha kuliko yote.

Anasikiliza nini? Anayeimba kwa kawaida ni dume. Chini ya bawa lake la kushoto mna safu ya vimeno kama tupa, na bawa la kulia lina ukingo mgumu. Akiyasugua, hutoka ule mkwaruzo wa usiku. Pitisha ukucha juu ya meno ya kitana, utapata mfano wake. Panzi wengi wanaolia hufanya vingine: husugua mguu wa nyuma kwenye bawa.

Wetu alikuwa jike. Nyuma ya tumbo lake palichomoza kitu kilichopinda kama jambia, nacho hakidungi mtu. Ni cha kutagia mayai kwenye majani au magome ya miti. Ukimbana anaweza kukung'ata, ila hana sumu. Usimshike mguu wa nyuma, kwani huukata akakuachia, na akishakomaa hauoti tena.

Tulizima taa, maana mjusi kafiri alikwisha kuanza kumnyemelea. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye tochi, kwa kuwa wadudu wengi hawaioni vizuri rangi hiyo, tukakaa kimya. Haikupita muda, mkwaruzo ukaanza mperani. Jike akatulia. Akaishika papasi moja kwa mguu wa mbele, akaipitisha kinywani polepole toka shinani hadi nchani, akaisafisha, kisha ya pili. Mtoto alikuwa ameziba mdomo kwa viganja asije akamshtua. Mkwaruzo ukarudi, na jani letu likaruka kuelekea mperani.