Ndago adimu za vilima vya shaba: moto unazifanya nini?

Kwenye vilima vya shaba vya Katanga, kusini mashariki mwa Kongo (DRC), kuanzia upande wa Étoile, karibu na Lubumbashi, hadi Fungurume, miti ni michache kwa sababu udongo umezidi shaba. Humo huota ndago za kudumu ambazo ni adimu sana, mfano Ascolepis metallorum. Kila kiangazi moto hupita, na anayeona jivu hudhani zimekwisha.

Ukitaka kujua kama fungu la ndago liko hai, acha majani, tazama kitako. Machipukizi yamejificha kwenye shina fupi lililo ardhini, yakifunikwa na mabaki ya majani ya zamani. Moto wa nyasi hupita haraka, na udongo haupitishi joto upesi: sentimita 2 au 3 chini, joto hupanda kidogo tu. Kinachoua ni gogo linaloungua mahali pamoja usiku kucha. Fukua kwa kidole pembeni mwa fungu: kitako kigumu na cheupe ndani kiko hai. Usiling'oe, tafadhali, kwa mmea adimu kila fungu lina thamani.

Jambo kubwa ni tarehe. Moto wa Mei au Juni hukuta nyasi zina unyevu bado, hivyo huwaka kwa vipande. Wa Septemba na Oktoba ni mkali, tena hukuta mimea mingi imeshaanza kuchipua kabla ya mvua kwa kutumia akiba ya chakula iliyo chini ya ardhi. Chipukizi likiungua, akiba hiyo hutumika mara ya pili. Ikirudiwa kila mwaka, fungu hudhoofika. Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka moto uzuiwe kabisa, maana nyasi ndefu zilizokauka huzifunika ndago fupi na kuzinyima mwanga.

Kwa kupima, weka miraba ya mita 1 kwa 1, iliyoungua na isiyoungua. Pembe zitie misumari mirefu ya chuma, maana vigingi vya mti huungua na plastiki huyeyuka. Ipigilie hadi usawa wa ardhi. Chuma kinachoonekana huokotwa kikauzwe. Hesabu mafungu, machipukizi na vichwa vya maua kabla ya moto, wiki 2 baadaye, kisha Januari katikati ya mvua. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuweka miraba ya kulinganishia chini ya kilima: shaba hubadilika ndani ya mita chache, kwa hiyo unapima udongo ukidhani unapima moto. Iweke kwenye mteremko uleule, mimea ikifanana.

Bila vichwa vya maua usiandike jina. Majani machanga ya Ascolepis na ya Bulbostylis, jamii nyingine ya familia ya ndago, huchanganya. Na fungu lisilochipua Januari liandike “halikuonekana”, si “limekufa”, mpaka mvua za mwaka wa pili.