Sio kila uwanja wa zamani ni wa Mjerumani

Natafuta viwanja vya ndege vya Vita ya Kwanza ya Dunia, na wiki iliyopita nimetumiwa tena picha ya kipande cha pori tambarare na maelezo yaleyale, "uwanja wa ndege wa Mjerumani". Jamani nimechoka. Mjerumani huku kwetu vita ya kwanza alikuwa na ndege moja tu, ile rubani wao Bruno Büchner aliyoileta Dar 1914 kwa ajili ya maonyesho, vita ikamkutia hukuhuku, ndege ikapata ajali mapema na habari yake ikaishia hapo. Na lile puto kubwa L59 lililotumwa toka Bulgaria Novemba 1917 limpelekee Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, vifaa liligeuzia Sudan, halikufika.

Wenye ndege walikuwa Waingereza, Waafrika Kusini na Wabelgiji. Wabelgiji walitumia ndege za kutua majini Ziwa Tanganyika, 1916 wakaipiga Kigoma mabomu, kwa hiyo kule usihangaike kutafuta kiwanja. Mafia ndiyo kulifyekwa kiwanja 1915, wakati wa kuiwinda Königsberg, meli ya kivita ya Mjerumani, kwenye delta ya Rufiji.

Mbuyuni, njia ya Voi kwenda Taveta, ndiko watu wanakochanganya zaidi, na naelewa kwa nini. Julai 1915 Mjerumani alikuwa pale kweli, Waingereza walimshambulia wakashindwa, wakaja kupachukua Januari 1916 ndipo ndege zao zikaanza kurukia hapo. Sasa mzee akikwambia "hapa alikaa Mjerumani" hajakosea, anayekosea ni wewe unayechukua ndege ya mwingine unampa yeye.

Halafu hii ya kutafuta "ranwei", njia ndefu iliyonyooka ya kurukia na kutua ndege. Hakukuwa na ranwei! Ndege zile ni mbao, waya na kitambaa, nyepesi, upepo ukiipiga ubavuni wakati inatua inalala na bawa linavunjika, so rubani lazima atue akiukabili upepo, na upepo haukai upande mmoja siku nzima. Ndo maana walifyeka kiwanja kipana anachoweza kukiingia kutoka upande wowote, wakang'oa visiki, wakasawazisha vichuguu, wakawasha moto wa moshi mzito ili aliye juu aone upepo unaelekea wapi. Ukiona mstari mrefu ulionyooka wenye kokoto, hiyo mara nyingi ni ya baadaye, ya shamba la mkonge au mradi wa karanga wa 1947, usinitumie.

Kiwanja chenyewe kinafutika, nyasi zikirudi kimekwisha, kwa hiyo mimi natembea pembeni yake, walipopiga mahema na kutengenezea ndege. Karibu na Maktau, njia hiyohiyo ya Voi kwenda Taveta, niliokota kidude cha shaba, kirefu kama kidole cha kati, cha kukazia waya, uzi wa skrubu mwisho mmoja unazungukia kulia na mwingine kushoto, ukikizungusha katikati waya zote mbili zinavutwa kwa pamoja. Mabawa ya ndege zile yalishikwa na vidude hivi. Nilikaa chini nikakifuta udongo kwa kidole, mikono inatetemeka.

Lakini niseme ukweli, kidude kama hicho kinakaza pia waya wa uzio, na reli ya kijeshi ilipita hapohapo Maktau, kimoja peke yake hakinitoshi. Kwenye ramani yangu pale nimezungushia penseli, sio wino. Nyasi zikishachomwa mwaka huu narudi, natafuta cha pili.