Kilichomo kwenye ubao mama na kadi ya kuchomeka: tofauti ni nini?

Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, ni ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta unaobeba prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na karibu kila kitu kingine. Kazi fulani umekuja nazo tangu kiwandani: sauti, mtandao wa waya na, mara nyingi, tundu la kupelekea picha kwenye skrini. Chipu za kazi hizo zimelehemewa palepale, haziondoki. Kadi ya kuchomeka ni ubao mdogo unaofanya kazi mojawapo ya hizo. Unaupachika kwenye sloti, yaani mwanya mrefu au mfupi ulio kwenye ubao mama, unafunga skrubu moja, na siku ukitaka unauchomoa.

Zamani hapakuwa na cha kuchagua. Aliyetaka sauti nzuri miaka ya mwanzo ya 1990 alinunua kadi kama Sound Blaster, iliyotoka 1989. Kisha watengenezaji wakaanza kuzivuta kazi hizo ndani: mwaka 1997 Intel ilitoa mpango wa sauti ya kwenye ubao uitwao AC'97, na mwaka 2011 prosesa zake zikaja na sehemu ya picha kwenye kipande kilekile cha silikoni. Ndiyo maana leo kompyuta ya ofisini inaweza kuwa na sloti zote tupu na isikose kitu.

Nashauri uanze na kilichomo. Kadi inunuliwe pale kazi inapoidai, au pale kilichomo kinapokufa.

Hilo la kufa sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunalijua vizuri. Mawingu hukusanyika juu ya maji usiku, na radi za alfajiri hazina huruma na vifaa. Mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi Igoma, hapa Mwanza, aliniletea mashine yake baada ya usiku wa namna hiyo. "Mwanangu, nimeambiwa ubao umeungua, ninunue mwingine." Nikamwamkia, nikaiwasha. Ikawaka vizuri, skrini safi, faili zake zote zipo. Nikachomeka waya wa mtandao: zile taa mbili ndogo za pembeni ya tundu, ya kijani na ya chungwa, hazikuwaka hata moja. Umeme wa radi ulikuwa umepita kwenye waya wa mtandao ukaua chipu hiyo peke yake. Nikaizima kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio iliyo ndani ya ubao mama, nikachomoa umeme, nikapachika kadi ya mtandao kwenye sloti fupi ya PCI Express, aina ya sloti ya kompyuta za sasa. Mashine ikarudi kazini siku hiyohiyo, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na ubao mpya. Inaniuma mtu kuuziwa ubao mzima kwa ajili ya chipu moja.

Kwenye picha mambo yana kina zaidi. Sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe, bali hukopa RAM ya kompyuta. Ukiwa na GB 8, kiasi fulani huenda huko, na kinachobaki ndicho cha programu zako. Kwa barua, mahesabu, intaneti na kutazama video, inatosha kabisa. Ikiwa inasuasua na RAM yako ni kijiti kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho kabla ya kufikiria kadi, kwa sababu prosesa itasoma vyote viwili kwa pamoja na picha zitaenda haraka zaidi.

Anayehariri video za harusi kila wiki, anayechora majengo ya pande tatu au anayecheza gemu nzito, huyo kadi anaihitaji kweli. Kadi ya picha ina kumbukumbu yake, lakini inakula umeme. Sloti yenyewe hutoa wati 75 tu, zaidi ya hapo kadi hudai waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Hapo ndipo wengi hukwama, maana zile kompyuta nyembamba zilizotumika maofisini huwa na pawa saplai ndogo, na kesi yake hupokea kadi fupi tu. Pima kwanza, ndipo ulipe.

Na ukishaipachika, waya wa skrini uhamie kwenye tundu la kadi. Nimewaona watu wakiuacha kwenye tundu la zamani, kisha wanalalamika kuwa kadi ni mbovu, kumbe haijaguswa.

Sauti ya kwenye ubao inatosha kusikilizia. Ila anayerekodi kwaya hukutana na mvumo mdogo unaotokana na umeme wa vifaa vya jirani, na kwake kisanduku cha nje cha USB kwa kawaida ni bora kuliko hata kadi, kwa kuwa kinakaa mbali na kelele hiyo.

Unaponunua kompyuta, mwombe muuzaji afungue kifuniko. Hesabu sloti zilizobaki tupu, ndefu na fupi. Halafu soma jina la prosesa: zile za Intel Core zenye herufi F mwishoni mwa namba hazina sehemu ya picha, kwa hiyo matundu ya skrini yaliyo kwenye ubao hayatatoa kitu, na bila kadi utatazama giza.