Uvimbe kwenye kizazi haumaanishi lazima kizazi kitolewe

Hapa Moshi, mwanamke akiambiwa ana faibroidi, kabla hajafika nyumbani ameshasikia kwamba ni saratani na kwamba kizazi kitatolewa. Wengine wanaogopa, wanaishia kunywa dawa za mizizi huku damu ikizidi kuwaishia. Inaniuma sana.

Faibroidi ni uvimbe wa misuli ya kizazi, na ni nadra mno kukutwa na saratani. Usipokusumbua, mara nyingi unafuatiliwa tu kwa ultrasaundi, na ukikoma hedhi huwa unasinyaa. Ukikutoa damu nyingi, zipo dawa za kuipunguza. Upasuaji nao si wa aina moja: daktari anaweza kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi, hasa kama bado unataka mtoto. Ila uvimbe mpya unaweza kuota baadaye.

Baada ya kupasuliwa tumbo, pumzika wiki 4 hadi 6. Mama wa Mbuyuni aliyezoea kujitwisha mkungu wa ndizi aukwepe kabisa, na ndoo ya maji pia. Vidonge vya kuongeza damu usivinywe na chai, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Homa, usaha kwenye kidonda, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba au kubanwa pumzi: rudi hospitali siku hiyohiyo. Kuhusu ujauzito, muulize daktari usubiri miezi mingapi, na kliniki uwaambie ulipasuliwa, maana huenda ukahitaji kujifungua kwa upasuaji.