Asilimia 10 si mgawo: zabuni za barabara Marekani

Kwa ndugu zetu wenye malori ya kokoto kule Marekani, kuna kauli inayorudiwa sana: kwamba asilimia 10 ya kila mradi wa barabara unaogharamiwa na serikali kuu imetengewa kampuni ndogo za walionyimwa fursa, na mwenye cheti cha kuwa kampuni ya aina hiyo kazi atapewa tu. Si kweli.

Hiyo asilimia 10 imo katika sheria tangu 1983, lakini ni lengo la taifa zima. Kanuni za Wizara ya Uchukuzi zinakataza mgawo wa lazima. Hata mkataba uliowekewa lengo lake, mkandarasi mkuu asiyelifikia anaweza kushinda zabuni akionyesha juhudi za dhati: amewatafuta wakandarasi wadogo mapema, ameigawa kazi katika vipande wanavyovimudu, amezipima bei zao kwa haki. Bei nzuri na uwezo wa kazi unavileta mwenyewe.

Tena tangu Oktoba 2025, rangi na jinsia hazichukuliwi kuwa ushahidi wa kunyimwa fursa. Kila mmiliki anayetegemewa kupata cheti athibitishe hali yake binafsi, na waliothibitishwa, mmoja au zaidi, wamiliki kwa jumla angalau asilimia 51 ya kampuni.

Katazo la ubaguzi ni jambo jingine, wala halihitaji cheti. Kumbagua mtu kwa rangi, asili ya taifa au jinsia katika kutekeleza mkataba ni kuuvunja, na unaweza kusitishwa. Natamani sehemu hii ijulikane zaidi, pamoja na ile inayomtaka mkandarasi mkuu amlipe mdogo ndani ya siku 30 baada ya yeye kulipwa.